Ulichoniuliza Igombe

Kanyenye, Tabora
6 Oktoba 2024

Kaka Anakleti,

Nimekupigia simu hadi nimechoka. Inaita, inaita, halafu inakatika, nami nabaki nimeishika sikioni kama mtu aliyebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu. Basi nimeamua kuandika kama zamani. Bahasha hii nampa kondakta wa basi la Ulyankulu, ameniahidi ataiacha parokiani.

Mimi mzima. Tangu nistaafu ualimu mwezi wa sita, asubuhi zimekuwa ndefu mno. Naamka saa ile ile ya kwenda shule, navaa, nachemsha chai, ndipo nakumbuka kwamba hakuna darasa linalonisubiri. Jana nilitoka nikatembea tu, nikaifuata ile njia ya zamani ya misafara kuelekea Kwihara. Miombo imeanza kutoa majani mapya. Unajua yanavyokuwa: mengine ya rangi ya shaba, mengine mekundu kabisa, na tone la mvua bado halijaanguka. Nilisimama chini yake nikahisi kama nimeingia kwenye ndoto ya mtu mwingine. Miaka yote hii nimewafundisha watoto kwamba huko Ulaya sasa ni majira ya majani kupukutika. Kule majani yanakuwa mekundu yakifa, huku kwetu yanakuwa mekundu yakizaliwa, na ndege wanatoka kwenye wekundu ule wanaingia kwenye wekundu huu.

Hao ndege ndio sababu ya barua. Mbayuwayu wameshafika, korongo weupe hawako mbali. Tunataka kwenda bwawa la Igombe, tushinde kutwa, Jumamosi ya tarehe mbili Novemba. Yupo Abbasi, jirani yangu mwenye duka la tende na viungo. Ana gari, na ingawa hawezi kutofautisha kanga na kuku, safari anaipenda. Yupo Advera, rafiki yangu muuguzi. Wa nne uwe wewe. Bila wewe tutakuwa tunatazama mabawa tu. Ni wewe uliyenifundisha kumjua ndege kwa sauti kabla hajaonekana.

Nimesikia pia umeacha kwaya. Ni kweli? Wakati ule nafundisha Ulyankulu, kwaya yako ndiyo iliyonifanya mimi, Msukuma wa Lusu, mtoto wa kanisa la AIC, nijikute nimekaa benchi la sauti ya pili katika parokia ya Wakatoliki. Umeiachaje? Marehemu mkeo Esperansi angekuuliza hivi hivi, na yeye usingemkwepa.

Jambo la mwisho. Kaka yangu Ngassa anataka nihamie kwake Lusu, kule Nzega. Ameshanijengea chumba. Sijamjibu.

Njoo Igombe.

Minza


Ulyankulu
15 Oktoba 2024

Dada Minza,

Barua yako nimekabidhiwa Jumapili baada ya misa. Nilikwenda nayo hadi kwenye mizinga yangu nikaisomea huko, maana pale kanisani kila anayepita anataka kujua nani kaniandikia.

Nisamehe kuhusu simu. Ilitumbukia kwenye ndoo ya maji. Inaita, lakini sauti haitoki. Usijisumbue kuipiga tena. Andika. Barua zako zina pumzi ndefu, nazipenda.

Kwaya ni kweli. Nimemwachia Tobia Nahimana, anaiweza. Mimi nimechoka na koo langu si lile. Usilifanye kuwa jambo kubwa.

Igombe nitakuja. Siku hizi naota ndege, Minza. Juzi niliota kurumbiza ametua juu ya paa la nyumba ya mama, ile ya nyasi, ya tulipofika nchi hii, nami nikiwa ndani naukunja na kuukunjua wimbo wake kama kitambaa. Nilipoamka kulikuwa kimya. Nikabaki nimelala, nikijaribu kuushika ule wimbo kabla haujayeyuka, mpaka jua likaingia mlangoni. Sijui kwa nini nakuandikia haya.

Nina ombi moja. Tukifika bwawani tusizungumze sana. Ndege hawapendi kelele. Kila mtu achukue upande wake, atazame, tukutane wakati wa chakula. Na kama bado unayo ile darubini yako ya shuleni, naomba uniazime.

Kuhusu Lusu sijui la kusema. Nzega ni mbali na huku.

Nakutakia mema,
Anakleti


Kanyenye, Tabora
5 Novemba 2024

Kaka Anakleti,

Nilitaka kuandika jioni ile ile tuliyorudi, mkono ukakataa. Nimeacha siku chache zipite.

Bwawa lilikuwa zuri, sivyo? Tulifika jua likiwa bado halijapata nguvu. Moshi wa mashamba yaliyochomwa ulikuwa umelala juu ya maji, na ile miti mikavu iliyozama ilisimama ndani ya moshi kama waumini wanaongoja kubatizwa. Mnandi walikuwa juu yake, wametanua mabawa wakiyakausha. Sote tulinyata. Hata Abbasi alitembea kwa vidole, ameshika chupa ya chai kifuani kama mtoto mchanga. Tulitawanyika kama ulivyotaka, nikawa nawaona wote kwa mbali, kila mmoja na kivuli chake majini, mpaka sikujua tena kipi ni mtu na kipi ni taswira yake.

Ila wewe ulikuwa mbali kuliko umbali wenyewe. Yule mlembe alikuja juu ya kichwa chako kabisa, anapiga zile kelele zake kama mtu anayetikisa kiberiti, anaruka mti huu anarudi, anakuita ukachukue asali. Hata Abbasi alimtambua. Wewe mfuga nyuki, ulipita chini yake kama hayupo. Nikasema moyoni, huyu ana jambo.

Kisha korongo wakatokea. Mwanzo nilidhani ni majivu yanapanda. Walizunguka juu ya maji, weupe wenye ncha nyeusi, bila kupiga bawa hata moja, wakipanda na kupanda. Advera na Abbasi walikuwa kivulini wanapakua wali. Wewe ulikuwa umesimama peke yako ukingoni, darubini machoni. Nilikuja nikasimama nyuma yako. Swali lile nilikuwa nimelibeba tangu asubuhi, na kusema ukweli nimelibeba tangu mwaka jana. Nikakuuliza. Sikunong'ona. Nililisema kwa sauti yangu ya kawaida, polepole, ili nisilazimike kulirudia.

Hukugeuka. Darubini hukuishusha. Nilisubiri mpaka nikasikia aibu inanipanda kutoka miguuni, nikarudi kwa wenzetu. Ulipokuja kula ulikuwa unatabasamu, ukasema, "Mwaka huu wamekuja wengi." Hilo ndilo jibu nililopata.

Sikulaumu. Mtu ana haki ya kunyamaza, na pengine kunyamaza ni upole. Sitaliuliza tena. Nimempelekea Ngassa habari kwamba nakuja Lusu. Nitaondoka Jumamosi, tarehe saba Desemba.

Minza


Ulyankulu
12 Novemba 2024

Dada Minza,

Barua yako nimeisoma, nikaikunja, nikaikunjua tena. Nisamehe kwa kimya changu siku ile. Korongo walinichukua mawazo.

Nimelifikiria swali lako kwa makini. Jibu langu ni hili: fanya kama moyo wako unavyokuelekeza. Mimi sina pingamizi, wala sina haki ya kukuzuia. Ngassa ni mtu mwema, na mtu aliyestaafu anahitaji kuwa karibu na ndugu zake. Huku ungekaa na nani? Mimi ni mzee wa mizinga, sina cha kukupa zaidi ya asali, na hata hiyo mwaka huu ni nyepesi.

Ukikaa vizuri huko nami nitafurahi. Nitakuombea.

Mvua imeanza huku kwetu, bado ni ya kujaribu. Inakuja jioni, inalowesha vumbi, inaondoka. Majani yale mekundu yameshakuwa ya kijani.

Anakleti


Kanyenye, Tabora
17 Novemba 2024

Ndugu Anakleti Nsabimana,

Nashukuru kwa jibu lako. Limeeleweka.

Sikutegemea kwamba ungenisindikiza kwa moyo mweupe namna hiyo, tena na maombi juu. Lakini afadhali mtu ajue.

Ile darubini naomba umpe kondakta aniletee kabla sijaondoka. Ni ya kumbukumbu.

Minza Masolwa


Tabora
20 Novemba 2024

Kaka Anakleti, shikamoo.

Ni Advera, yule muuguzi mliyekuwa naye Igombe. Najua hatujazoeana kiasi cha kuandikiana, kwa hiyo kama nakosea heshima nisamehe mapema.

Siku ile, tulipokuwa tunaondoka, Abbasi alirudisha gari nyuma. Ulikuwa umesimama njiani. Alipiga honi, akapiga tena kwa hasira, na bata wote wakaruka kutoka kwenye matete. Wewe hukusogea mpaka kivuli cha gari kilipofika miguuni pako. Ndipo ukaruka, ukacheka, ukasema ulikuwa unawaza. Abbasi aliamini. Kabla ya hapo nilikuwa nimekuita jina nikiwa nyuma yako, nikupe sahani, nikaishia kukugusa bega, ukashtuka kama mtu aliyeamshwa. Na tulipokula, kila aliyezungumza ulimtazama mdomo, si macho.

Nimekaa wodini muda mrefu, kaka. Nimeona watu wengi wanaojificha hivyo. Mara nyingi ni watu wenye aibu nzuri, wasiotaka kumsumbua mtu.

Minza sijamwambia. Mwili ni wako, na la kusema ni lako. Lakini juzi alikuja kwangu na barua yako mkononi. Alikaa kwenye mkeka wangu, akaniambia, "Advera, nimejitia aibu uzeeni." Halafu akalia. Mimi sijawahi kumwona akilia, hata alipomzika mumewe.

Alichokuuliza ninakijua. Alinieleza njiani tukirudi, wewe tumeshakushusha, Abbasi akiwa ameshuka kununua viazi. Sitakuambia, hilo nalo si langu. Nitakuambia hivi tu: hukujibu alichouliza. Kama hukusikia, mwambie hukusikia. Anaondoka tarehe saba.

Kuna kliniki ya masikio huku mjini. Njoo tuwaone. Siwezi kukuahidi kwamba yatarudi, lakini kuna vifaa vinavyosaidia kidogo, na kidogo si haba kwa mtu aliyekuwa mwalimu wa kwaya.

Mdogo wako,
Advera


Ulyankulu
24 Novemba 2024

Dada Minza,

Sikukusikia.

Naanza na neno hilo kwa sababu nikitanguliza mengine nitaogopa. Siku ile Igombe sikukusikia, na mpaka leo sijui uliniuliza nini. Ulipoandika kuhusu swali, nilibahatisha. Nilidhani umeniuliza kama uhamie Lusu au usihamie, nikajibu hilo. Nilijikaza niandike kwa upole, kumbe nilikuwa namjibu mtu ambaye hakuwepo.

Masikio yangu yanaondoka, Minza. La kulia limekwisha. La kushoto linashika radi na ngoma, na mtu akiwa karibu sana, mbele yangu, nashika nusu ya anachosema, nusu nyingine naisoma mdomoni. Daktari alisema ni mishipa. Ilianza taratibu. Walitangulia kuondoka ndege wenye sauti nyembamba, chozi na wale wadogo wa kwenye nyasi. Halafu kurumbiza. Mimi nilidhani wamehama. Nakuapia, karibu mwaka mzima niliamini ndege wamehama Ulyankulu, nikawa nagombana na wachoma mkaa kwamba wamewafukuza. Siku moja nikamwona kurumbiza yuko pale pale kwenye mpera, koo linacheza, mdomo wazi. Nikakaa chini.

Kisha ikaja kwaya. Jumapili moja niliwapa sauti ya kuanzia, nikaona wanatazamana. Wakanifuata hivyo hivyo, kwa heshima. Kanisa zima liliimba mahali pasipoimbika kwa ajili yangu, akina mama wanakaza shingo, na hakuna aliyecheka. Ningefurahi kama wangecheka. Wiki ile nikamwita Tobia.

Simu haikuingia maji. Iko kwenye droo, nzima. Ulipokuwa unapiga niliiona inatetemeka na jina lako linawaka, nami nikaitazama mpaka ikatulia.

Nataka ujue Igombe ilivyokuwa upande wangu, maana umeieleza vizuri upande wako. Ilikuwa siku nzuri kuliko zote za mwaka huu. Kila kitu kilikuwa kinaelea. Furukombe, yule tai wa majini, alitupa kichwa nyuma, akafungua mdomo wake wote, na mlio wake nikautoa mimi mwenyewe kutoka kwenye kumbukumbu, nikamvisha. Mlembe unayemsema sikujua kama alikuwepo. Lakini korongo hawaimbi. Walipopanda juu, hakukuwa na kitu nilichokikosa. Nilisahau kabisa kwamba nimepungukiwa. Hapo ndipo nilipohisi kuna mtu nyuma yangu. Nilijua ni wewe kwa harufu ya ile sabuni yako ya mwarobaini. Nikadhani umekuja kutazama pamoja nami. Sikugeuka kwa sababu nilikuwa na furaha, nikaogopa nikigeuka itaondoka. Niliposhusha darubini ulikuwa umeshakwenda.

Kwa nini nilikuficha? Kwa sababu wewe ni mtu wa mazungumzo. Nikikukumbuka, nakukumbuka unasimulia, mikono juu, chai inapoa. Nikajiuliza, mtu kama huyo atafanya nini na kiziwi? Atamhurumia. Ataanza kusema naye kwa maneno mafupi mafupi kama anavyosemeshwa mgonjwa. Nikaona bora unione mwenye kiburi kuliko mwenye kuhurumiwa.

Huku mizingani nimejifunza kuweka kiganja ubavuni mwa mzinga. Nyuki nawasikia kwa mkono. Na sauti za watu wangu ninazo bado: ya mama akituimbia Kirundi jioni, ya Esperansi akinigombeza kwa viatu vya matope. Na yako, Minza, ile ya pili, inayoingia nyuma ya wenzako, umechelewa kidogo kila mara. Zote zipo. Ila zote ni za zamani, na hakuna mpya inayoongezeka. Hilo ndilo linaloniumiza.

Uliniuliza nini? Kama ni jambo ambalo huwezi kumuuliza mtu wa hali yangu, nitaelewa, nenda Lusu kwa amani. Lakini usiende ukiamini kwamba nilikusikia nikanyamaza.

Darubini nimempa kondakta pamoja na barua hii.

Anakleti


Kanyenye, Tabora
28 Novemba 2024

Anakleti,

Kwanza nilikasirika. Nilizunguka uani nikisema maneno ambayo ni heri wewe usiyasikie, na majirani wameyasikia. Wewe mtu! Umeniacha nikajiona mwanamke asiye na haya, nimejipeleka kwa mwanamume akanitazamia ndege. Nimelala siku ngapi nikilirudia lile swali, nikijiuliza ni neno gani nililoliweka vibaya. Na wewe huko unaniombea nikae vizuri Lusu!

Halafu nikafika pale pa kurumbiza kwenye mpera, hasira ikanitoka mwilini kama maji. Nikakaa chini nami.

Abbasi alinikuta hapo mlangoni na barua mapajani. Nikamwambia yote, nisamehe, nilikuwa siwezi kubaki nayo peke yangu. Akashika kichwa, akasema, "Na mimi nilimtukana kwa ile honi!" Anataka kukuletea tende za kuomba radhi. Nimemwambia asubiri.

Sasa nisikilize, au tuseme nisome. Umesema ningekuhurumia. Nimefundisha jiografia kwenye madarasa yasiyo na dari, mvua ikipiga bati, watoto wamejaa hadi dirishani. Nimefundisha kwa ubao, kwa chaki, kwa vidole, kwa kuchora mchangani, kwa kucheza mwenyewe kama upepo wa kusi. Hakuna mtoto aliyekosa kuelewa kwa sababu hakunisikia. Unadhani wewe ndiye utakayenishinda? Chai ikipoa itapoa. Nitasema polepole. Nikisahau nikageuka upande, utanivuta nguo.

Na jambo jingine. Kumbe miaka yote ile ulijua nachelewa kuingia, hukuwahi kuniambia!

Swali sitaliandika. Nimejaribu, nimechana karatasi mbili. Kwenye karatasi linaonekana dogo, kama ombi la ruhusa. Niliapa sitaliuliza tena, lakini naona niliapa kwa mtu asiye sahihi. Nakuja Jumamosi kwa basi la asubuhi. Kaa mahali penye mwanga.

Minza


Ulyankulu
2 Desemba 2024

Mdogo wangu Advera,

Marahaba, na unisamehe kwa kuchelewa kukujibu. Barua yako niliiweka chini ya mto siku ile ilipofika, na sijui kama nilikuchukia au nilikushukuru. Sasa najua.

Kliniki nitakuja, wiki ijayo. Minza anasema ataingia nami kwa daktari, kwa sababu mimi nina tabia ya kuitikia "ndiyo" kwa mambo nisiyoyasikia. Sikuweza kubisha.

Lusu atakwenda tarehe saba kama alivyopanga, ila si kuhamia. Anakwenda kumweleza Ngassa uso kwa uso, maana kaka amejenga chumba kwa mikono yake na jambo kama hili halisemwi kwa simu. Mimi nitafuata baada ya Krismasi kujitambulisha. Abbasi amejitolea kunisemea mbele ya wazee, nami naogopa atakubali kila watakachotaja, hata ng'ombe wa kijiji kizima. Padre ametuambia twende tukazungumze naye. Minza hataki kuacha kanisa lake, mimi siachi langu, na kila mmoja ameshamwambia mwenzake kwamba ni sawa. Bado kuna watu watasema. Dada wa Esperansi alipita hapa jana, akatazama viatu vya kike mlangoni, akaenda zake bila kukaa. Nitamwendea taratibu.

Minza atakusimulia Jumamosi ilivyokuwa, na atakusimulia vizuri kuliko mimi. Lakini nataka uipate na kwangu pia.

Alishuka kwenye basi mvua ikiwa imeshaanza, mvua ya kweli sasa, ile inayofuta vilima. Alikuja anatembea katikati ya barabara, ameshika viatu mkononi, kanga imeganda mwilini, na kwa jinsi maji yalivyokuwa yanashuka nilimwona anakuja, anapotea, anakuja tena. Nilisimama barazani. Nilitaka kumkimbilia na mwavuli, nikabaki nao mkononi. Nilijiambia, labda naota, na nikitembea nitaamka.

Alipanda barazani, akajifuta uso. Akafungua mdomo, akaufunga, akaelekeza kidole juu kwenye bati, akaanza kucheka. Baadaye alinieleza kwamba mvua ilikuwa inapiga kelele kiasi kwamba hata yeye asingeweza kujisikia. Siku zote hizo alijiandaa kusema na kiziwi, na alipofika wote wawili tukawa viziwi.

Ukungu wa mvua ulikuwa umezunguka nyumba pande zote. Sikuona barabara, sikuona mizinga, sikuona hata mpera. Palikuwa na baraza tu, na yeye. Aliweka viatu chini. Akanishika mashavu kwa mikono yake iliyolowa, akanigeuza kidogo kuelekea kwenye mwanga, akahakikisha namtazama. Kisha akasema taratibu, neno baada ya neno, kama anayeandika ubaoni:

"Anakleti, unaonaje tukizeeka pamoja?"

Nilielewa mara ya kwanza. Nikamwambia sijaelewa, arudie.

Kaka yako,
Anakleti